Tabibu Asiye na Ijaza

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, ukingoni mwa mto Dijla, palikuwa na chuo cha tiba kilichojengwa ubavuni mwa nyumba ya wagonjwa. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mmoja, Humaidi bin Rafii, mwana wa mjane. Mama yake, Bi Rayhana, alifuma mablanketi ya sufu, na kwa miaka saba vidole vyake ndivyo vilivyomlisha mwanawe na kumpatia karatasi za kusomea. Watoto wawili wa kwanza alikuwa amewazika kwa homa. Akaweka nadhiri kwamba huyu wa tatu atakuwa tabibu.

Mwalimu wao mkuu, Shehe Abdul-Barri, alikuwa na maneno aliyopenda kuwakumbusha vijana waliokaribia kumaliza masomo. "Wanangu," husema, "msitangulize kuuliza ni mlango upi wenye heshima. Jiulizeni kwanza ni jambo gani hamtalifanya hata mkifungiwa ndani ya mlango huo. Asiyelijua hilo hachagui kazi. Kazi ndiyo humchagua yeye."

Wenzake waliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia adhana akiwa sokoni. Humaidi aliyaweka moyoni. Akajifunga kwa sharti moja, kwamba ulimi wake wala kalamu yake havitasema juu ya mwili wa mja wa Mungu ila lile aliloliona kwa macho yake.

Ikawa mwaka ule Liwali wa mji anataka tabibu kijana wa kasri lake, na Shehe Abdul-Barri akamtaja Humaidi. Ilibaki apewe ijaza tu, yaani hati ya mwalimu inayomruhusu mwanafunzi kutibu watu. Bi Rayhana aliposikia alisujudu palepale penye kitanda chake cha kufumia, na jioni ile majirani wakaja kumpongeza.

Hazikupita siku tatu, Humaidi, kwa kuwa ndiye tabibu mteule wa kasri, akaitwa gerezani mara baada ya sala ya adhuhuri. Alimkuta katibu wa Liwali amesimama na karatasi iliyokwisha kuandikwa, na chini pamelala maiti amefunikwa jamvi.

"Mtu huyu amekufa kwa homa," akasema katibu. "Tia jina lako hapa."

Humaidi akapiga magoti, akafunua jamvi. Alimtambua. Alikuwa Zuheri, msusi wa majamvi, ambaye Ijumaa iliyopita alisimama msikitini akalalamika kwamba Liwali amegeuza mfereji wa maji kuuelekeza kwenye bustani zake, na mashamba ya watu yamekauka. Mbavu zake zilikuwa zimevunjika pande zote mbili. Nyayo zimevimba, na shingoni pana alama ya kamba.

"Huyu hakufa kwa homa," Humaidi akasema.

Katibu akatabasamu. "Hatukukuuliza amekufa kwa nini. Tumekuomba jina lako."

"Jina langu siwezi kulitia hapo."

Akasimama, akatoka, wala hakuna aliyemzuia. Kabla ya alasiri aliitwa Kutaiba, rafiki yake waliyekuwa wakila sahani moja tangu siku ya kwanza ya chuo. Kutaiba akatia jina lake, na Zuheri akazikwa upesi, bila jamaa zake kuonyeshwa uso wake.

Humaidi alirejea chuoni moyoni akimshukuru Mola wake, akidhani mtihani umekwisha. Akaitwa na Shehe Abdul-Barri.

"Mwanangu, homa ni neno moja tu," Shehe akamwambia. "Anayewalisha wagonjwa wa nyumba hii ni Liwali. Akiudhika, nani atawalisha?"

"Shehe wangu, si wewe uliyetufundisha?"

Mzee akainamisha kichwa. "Niliwafundisha lililo haki. Sikuwaambia kwamba mimi nimeliweza." Kisha akasema, "Kesho nenda ukamwombe radhi. Ijaza yako itakungoja."

Asubuhi, kabla Humaidi hajajua afanye nini, mwanamke alisimama langoni mwa chuo akiuliza jina lake, alilolisikia kwa walinzi wa gereza. Alikuwa Lubaba, mjane wa Zuheri, ametoka nje ingawa bado yumo edani, na wapita njia walikuwa wakinong'ona.

"Wewe ndiye uliyekataa?"

"Ndimi, dada yangu." Humaidi alitazamia kuombewa dua.

"Uliufunua mwili wa mume wangu. Mimi nilinyimwa hata kumtazama. Ulikataa kuandika uongo, Mungu akulipe kheri. Na ukweli, je, umeuandika wapi?"

Humaidi akaitazama mikono yake.

"Basi mikono uliyoisafisha ni yako," akasema Lubaba. "Mume wangu ulimwacha palepale sakafuni."

Inasemekana Humaidi hakuwahi kusikia neno lililomchoma kama lile. Akaingia ndani, akaandika yote aliyoyaona, mbavu, nyayo na shingo, akatia jina lake na jina la baba yake. Kisha akafuatana na Lubaba hadi kwa kadhi.

Kadhi aliisoma karatasi mara mbili. "Unashuhudia kama tabibu," akasema. "Iko wapi ijaza yako?"

"Bado sijapewa, lakini mwalimu wangu ananijua."

Shehe Abdul-Barri akaitwa. Alipoulizwa kama kijana huyu ni tabibu, aliyatazama makubadhi yake. "Mpaka leo," akasema, "sijampa ijaza."

Neno hilo lilikuwa kweli, na hakuna uongo uliopata kumuumiza Humaidi kama kweli ile.

Lubaba akaomba kaburi lifukuliwe. Kadhi akajibu kwamba maiti ana heshima yake, na hati ya tabibu wa kasri inatosha. Kwani Kutaiba alikuwa amekwisha kupewa ijaza, na kazi pia. Shauri likafutwa, na Humaidi akakatazwa kutibu ndani ya mji. Lubaba aliomba arudishiwe ile karatasi iliyokataliwa. "Alau wanangu watajua," akasema, akaondoka nayo.

Bi Rayhana hakulia alipoambiwa. Aliendelea kufuma.

"Wawili niliwazika mimi," akasema. "Wewe umejizika mwenyewe."

"Mama, nipe radhi yako."

"Radhi nilikupa siku ulipokwenda chuoni. Sina nyingine."

Humaidi akaenda kukaa katika kijiji cha wakoma, mwendo wa siku mbili kutoka mjini, ambako hakuna aliyeuliza hati. Akawaosha vidonda, akawafungia vitambaa, akawazika. Majira ya baridi ya pili mama yake aliugua kifua. Habari zilipomfikia na yeye kuwasili, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Aliyemtibu Bi Rayhana bila ujira, na kumshika mkono alipokata roho, alikuwa Kutaiba. Humaidi alimshukuru. Wakasimama wote wawili mbele ya kaburi wakaomba dua, kisha kila mmoja akashika njia yake, na hawakuonana tena.

Alipokuwa mzee, mwanafunzi mmoja wa chuo kilekile alimtembelea akamuuliza, "Babu, umepata kujuta?"

"Kila siku," akajibu. "Sijutii kwamba niliandika. Najutia kwamba nilichelewa siku moja. Siku ile maiti alikuwa bado juu ya ardhi, na kila mwenye macho angeona. Nilitoka mle nikijiona mwema, na wakati najiona mwema, wao walikuwa wanachimba kaburi."

Enyi mlio vyuoni leo mkitafuta milango ya riziki, fahamuni kwamba mja huyu hakurudishiwa alichopoteza hapa duniani, wala hatuna habari kwamba mfereji ule ulirudishwa kwa watu. Malipo yake yako kwa Mola wake. Jueni mapema lile msilolikubali, na siku litakapowekwa mbele yenu, msitosheke kulikataa mkaondoka. Mola atughufirie siku zote tulizochelewa.