Mpinzani Akikushangilia, Vua Viatu

Mpinzani akikushangilia, vua viatu. Mmemsikia mtangazaji wa redio akiisema methali hii mkacheka, mkadhani ni mzaha wake tu. Haya, tulieni niwaeleze ilikotoka, maana siku ilipozaliwa nilikuwepo, na jezi za siku ile nilizifua mimi.

Enzi hizo hapa kambini, kwenye mashamba ya mkonge, tulikuwa na timu ikiitwa Katani. Mshambuliaji wake alikuwa Mhina. Watu walimpa jina la Kiberenge, kile kigari cha relini, kwa sababu akishaanza kukimbia ilibidi umpishe. Mahasimu wetu walikuwa Stesheni, timu ya watu wa reli. Jina la Kiberenge likitajwa kwenye kipaza sauti, mashabiki wa Stesheni walizomea mpaka koo zikawakauka. Walimtukania hata mbuzi ambao hakuwa nao.

Miaka ikaenda, Kiberenge akafika thelathini na minane. Mimi nilijua kabla ya wote. Zamani jezi yake ilinijia na tope mpaka kwenye kola, sasa ilikuja safi, nusura niikunje bila kuiloweka. Lakini nani angemwambia? Kocha wetu, Mzee Semboja, alimwogopa, kambi nzima ilimpenda, na mwenyewe aliapa kucheza mpaka miguu imkatae.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, sisi na Stesheni, uwanjani kwetu. Sare ilitutosha, lakini tukifungwa tunashuka daraja. Majina yakasomwa. Lilipotajwa la Kiberenge, upande mzima wa Stesheni ukasimama na kupiga makofi. Kiberenge akainua mikono kuwashukuru, uso umemjaa furaha. Na sisi tukafurahi, wajinga sisi! Kila alipopata mpira walimshangilia, na kila alipoupata aliupoteza. Mapumziko yalipofika tulikuwa tumefungwa moja bila.

Kwenye pipa la maji, ambapo nilikuwa nikiwachotea wachezaji, Kiberenge akakutana na Makubi. Huyu alikuwa beki wa Stesheni aliyemkaba miaka kumi, kisha akastaafu na kuota kitambi; siku hiyo alikuja kutazama tu.

"Makubi, watu wako leo wamekuwa waungwana," Kiberenge akasema. "Nimefurahi kweli."

Makubi akatazama chini. "Nikufurahishe zaidi, au nikwambie ukweli?"

"Niambie ukweli."

"Bwana Mhina, zamani tukijua utacheza, mimi chakula kilikuwa hakipiti. Tulikuzomea kwa woga. Leo ulipotajwa, mke wangu kasema, 'Alhamdulillahi, yupo!' Ndugu yangu, wanaomba usitolewe."

Kiberenge akabaki na kikombe mkononi. Iliniuma kumwona vile, nikatamani Makubi apaliwe na maji yangu. Kisha Kiberenge akakirudisha kikombe, akaenda kuketi karibu na kocha, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Umeumia?" kocha akamwuliza.

"Sijaumia, mwalimu. Nimeshangiliwa. Mwingize Hoza."

"Mashabiki wetu watanila nyama!"

"Waambie nimeamua mwenyewe. Mpinzani akikushangilia, vua viatu."

Basi Hoza, aliyekalia benchi msimu mzima, akaingia. Kiberenge akapita peku mbele ya watu wote kwenda kukaa benchini, mahali pa Hoza. Wanawake wa kambini tulilia, sioni haya kusema. Upande wa Stesheni ukaanza kupiga kelele: "Mrudisheni! Mrudisheni!" Nani awasikilize? Hoza aliwahangaisha mabeki wao kipindi chote, na zikiwa zimebaki dakika sita akasawazisha.

Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumebaki kwenye daraja letu. Kiberenge akatoka benchini, peku vilevile, akaenda kuwapa mkono wachezaji wa Stesheni. Mashabiki wao walipomwona tu, walimzomea! Walimzomea kwa hasira yao yote, na mbuzi wake wakatukanwa tena. Kiberenge akasimama katikati ya uwanja akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, unawasikia?" akaniambia. "Wananizomea mimi!"

Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, hata siku aliyooa. Hakucheza mechi nyingine, wala hakuwahi kujuta. Na tangu siku hiyo, hapa kambini tukimwona mtu anavimba kichwa kwa makofi, tunamwuliza kwanza ni ya nani. Mpinzani akikushangilia, vua viatu.