Skurubu Zikilegezwa

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mtafiti, akitafuta kitu cha kupitisha umeme bila kuupoteza njiani. Waya wa kawaida hupata moto, na moto ule ni umeme uliopotea. Yeye alitengeneza punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, akaiweka katikati ya almasi mbili, akaipoza kwa baridi kali, na fundi wake akaibana kwa skurubu. Ikibanwa sana, mita ilisoma sifuri: hakuna kilichopotea.

Miaka minne walifanya hivyo, na kila punje iliyobanwa ilikuwa njema. Lakini wakubwa wa chuo wakamwuliza ni nani atakayetandaza almasi juu ya nguzo za umeme kutoka bwawani hadi mjini. Wakampa mwezi mmoja apate punje isiyohitaji kubanwa. Baada ya hapo maabara ingepewa wengine.

Fundi alikuwa na desturi yake. Mita ikishasoma sifuri, aliandika, akachomoa nyaya za mita, ndipo akalegeza skurubu. Nyaya zile zilikuwa nyembamba kuliko unywele, naye alizionea huruma. Siku moja ndani ya mwezi ule mama akamzuia.

"Leo usichomoe. Legeza taratibu, mita ikisoma."

Fundi akacheka. "Mama, hiyo ni kumpima mgonjwa akishatoka hospitali."

"Hapo ndipo hujulikana kama amepona."

Zilikuwa zimebaki punje sita. Ya kwanza, skurubu zilipolegea robo mzunguko, mita ikapanda. Ya pili vilevile, hadi ya tano. Zote zilirudi zilivyokuwa, kana kwamba hazijawahi kubanwa. Ya sita, fundi alilegeza robo, akalegeza nusu, akalegeza hadi mwisho. Sifuri. Akaigonga mita kwa kidole, akidhani imekufa. Sifuri. Mama akavuta kiti, akaketi, akamwomba aandike saa.

Sasa nawauliza: miaka minne yote walikuwa wakipima nini? Walipima mbano. Punje yenyewe hawakuwa wameipima.

Na sisi je? Leo ni Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani. Mwezi mzima tumebanwa, na tumekuwa wema. Ulimi umetulia, jirani amepelekewa futari, safu za alfajiri zimefika mlangoni. Kisha Idi hufika, tunachomoa nyaya, na ndani ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata, hakuna anayetupima.

Mimi sikati tamaa, nanyi msikate. Tano zilirudi, moja ilibaki, na ile moja iliiokoa maabara. Kila mmoja wetu ashike jambo moja tu alilolipata mwezi huu, aliache limkae. Mwezi ukiandama, skurubu zitalegea. Alfajiri ya pili baada ya Idi tuje hapa, tuone mita zetu zinasoma nini. Nami nitakuja na yangu.