Pasi ya Kwanza ya Siwema

Hapo zamani, enzi ambazo mwanamke akionekana anakimbia watu huuliza nani kafa, alikuwako Muheza mwanamke aitwaye Siwema, mke wa mtu, aliyekimbia bila msiba. Alikimbia nyuma ya mpira.

Siku alipofua bukta yake ya kwanza, mama mkwe wake, Bi Mwantumu, aliianua kambani akaitia motoni, chini ya chungu cha maharage. Siwema akalia mpaka maharage yakaiva. Kilio kile kikamwingia bibi. Akafungua sanduku, akatoa kanga yake ya harusi, akaitia mkasi, akashona bukta nyingine. Kisha akamsindikiza mkwewe hadi uwanjani, akawageukia waliokuwa wakiguna.

"Hii nimeishona mimi. Mwenye neno aje kwangu!"

Nani angethubutu? Hakuja mtu.

Haya, bukta imepatikana, viatu je? Fundi Semkiwa, mshona viatu wa sokoni, akachukua jozi kuukuu ya nduguye ili aipunguze. Lakini kumshika mke wa mtu mguu ampime? Haya ikamzuia. Akakadiria kwa macho, tena macho yenyewe ya kuibia. Kiatu cha kulia kikambana Siwema, kikamchubua kidole hata asiweze kupigia mpira. Ikabidi apige kwa kushoto. Basi mguu huo wa kushoto ndio uliomtoa Muheza ukamfikisha timu ya taifa, na makipa wakauogopa.

Kipa mmoja hakuuogopa: Anjelina wa Korogwe. Siku moja waligongana golini, goti la Siwema likavunjika. Daktari akasema, mpira basi. Siwema akajifungia ndani, hali, hasemi. Ndipo Anjelina akaja na wasichana wa mtaani kwake, akawapanga uani.

"Goti nimelivunja mimi, dada, nisamehe. Lakini kichwa chako ni kizima, na hawa hawana wa kuwafundisha. Toka nje!"

Siwema akatoka na mkongojo. Akawa kocha, mwanamke wa kwanza mkoani kukaa benchi akaamrisha, na vikombe vikaja.

Miaka ikaenda. Ikafika mechi ya kumuaga. Desturi ya uwanja ule ni hii: anayeagwa ndiye anayeanzisha mpira, na pasi ya kwanza humpa aliyemfikisha pale. Mmoja tu. Wakaingia katikati watatu.

"Mwanangu," akasema Bi Mwantumu, ameegemea fimbo, "bila bukta ungetoka nyumbani wewe? Kanga ile alininunulia marehemu mume wangu. Pasi ni yangu."

"Bukta haifungi goli, bibi," akasema Fundi. "Mguu wa kushoto nimeutoa mimi."

"Umeutoa kwa kukosea!"

"Nimekosea kwa adabu! Na aliyechoma bukta ya kwanza ni nani?"

Uwanja ukaangua kicheko. Anjelina akangoja kitulie.

"Mchezaji ni wenu, sibishi. Lakini mchezaji alicheza miaka michache tu. Kocha amelea mabinti wote hawa mnaowaona. Kocha ni wangu."

"Baada ya kumvunja!" wakamrukia wote wawili.

"Ndiyo, baada ya kumvunja. Nani kati yetu hakumuumiza kwanza?"



Siwema akawatazama. Akatafuta moyoni uchungu wa moto ule, wa kidole kile kilichochubuka, wa goti lile linalomuuma kila mvua ikija. Asiuone. Alichoona ni shukrani, tele, mpaka machozi yakamtoka mbele za watu. Mama mkwe macho yalikuwa yakififia, huenda asiuone mpira mwingine. Fundi alikuwa amemshonea viatu vipya, na safari hii, uzee umemwondolea haya, alimpima miguu yote miwili. Anjelina alikuwa amesimama kwenye nyasi vilevile alivyosimama golini, mikono tayari.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira si chungwa la Muheza, haumenywi mkagawana. Siwema akausogeza kwenye mguu wa kushoto, akainua macho.

Haya, nyinyi mlionisikiliza mpaka hapa: mguu ule ungekuwa wenu, pasi ile mngempa nani?