Beberu Asiyekosea

Kwanza uape. Weka kiganja juu ya utosi wako, useme: nitakalolisikia hapa halitavuka kizingiti. Umeapa? Vema. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo na shangazi yangu, naye aliapishwa na mkunga wake, na ndiyo maana habari hii inajulikana mpaka nyumba za mwisho za mji. Basi sogea nikuambie, maana nikikaa nayo zaidi itanivimbisha tumbo.

Hapo zamani, katika mji wa Ungamani, palikuwa na sultani, jina lake Hamadi bin Shee, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo. Akili hakukosa, hapana. Ila alikuwa nayo kama watu walivyo na sahani za Kichina ukutani, za kutazamwa, si za kulia. Na sultani huyo alikuwa na beberu, na beberu huyo ndiye aliyekuwa kadhi wa wezi wote.

Beberu aliletwa na mgeni mmoja aitwaye Mwinyi Shambe, mtu mwenye tasbihi ndefu kuliko sala zake. Kazi yao ilikuwa hivi. Kitu kikiibwa jumbani, washukiwa huketishwa juu ya mkeka, safu moja, viganja juu. Mwinyi Shambe huwapitia kwanza, akampa kila mmoja mkono na kumwambia, "Usiogope, mwanangu, mwenye haki haogopi mnyama." Watu wakausifu mno upole ule. Kisha beberu hufunguliwa kamba, akapita akinusa, na atakayelambwa kiganja, huyo ndiye mwizi. Mlambwa hupigwa bakora mpaka akiri, na akisha kukiri hukatwa mkono, na Mwinyi Shambe huvishwa joho. Ikawa hakuna mlambwa hata mmoja asiyekiri. Watu wakatikisa vichwa wakasema, "Mwaona? Beberu hakosei."

Na majirani nao, Mungu awasamehe! Mtu akiisha kulambwa ndipo kila mmoja hukumbuka. Huyu husema, "Mimi nilimjua zamani, hakuwa akinitazama machoni." Yule husema, "Mimi nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akinitazama sana machoni." Jana yake wote wawili walikuwa wamekula pilau kwake.

Basi siku moja ukapotea mrashi wa fedha wa kunyunyizia wageni marashi. Wakaketishwa mkekani watumishi wa jumba, beberu akapita, akamlamba Pandu, mchota maji. Pandu alivumilia bakora mpaka jua la utosi, kisha akasema, "Semeni mtakalo, nami nitaitikia." Wakaandika kwamba amekiri. Ikaamriwa akatwe mkono Ijumaa baada ya sala, na mchota maji asiye na mkono unajua mwisho wake, ni kuomba mlangoni pa msikiti.

Pandu alikuwa na dada, akiitwa Mize. Watu walimwita Mize Punguani, kwa kuwa huuliza maswali ambayo mtu mwenye akili zake huona haya kuyauliza. Mchuzi ukisifiwa, atauliza umeonjwa na nani. Akiambiwa dawa ya fulani imeponya mafua, atauliza, na wale wasioinywa mafua yao yangalipo? Mali hakuwa nayo. Kaniki yake ilikuwa moja tu, na siku ya kuifua hujifungia ndani mpaka ikauke. Basi alipopata habari akaenda gerezani.

"Kaka, mrashi uliuchukua?"

"Sikuuchukua."

"Mbona ulikiri?"

"Dada, wewe umewahi kupigwa bakora?"

"Na wenzio wa mkekani, walipigwa?"

"Wapigwe kwa lipi? Hawakulambwa."

Mize akafikiri, akauliza, "Kabla ya kulambwa, ulifanywa nini?"

"Sikufanywa kitu. Mwinyi Shambe alinipa mkono tu kama wenzangu. Ila mimi kiganja kina michubuko ya kamba ya kisima, basi kikanichonyota kana kwamba nimeshika siafu."

Mize akakitwaa kiganja cha kaka yake katikati ya vyuma, akakilamba.

"Loo!" akasema Pandu. "Na wewe umekuwa beberu?"

"Bado," akajibu Mize, "lakini naanza kumwelewa."

Akatoka hapo moja kwa moja hadi barazani kwa Sultani, na kaniki yake ile ile, akapiga magoti. "Shikamoo, bwana wangu."

"Marahaba. Wataka nini, ewe mwanamke?"

"Nataka kuuliza. Bwana wangu amejuaje kuwa beberu hakosei?"

Baraza zima likacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Fumo Kombo, msoma barua wa Sultani, mtu mnene mwenye sauti ya kike. Huyu Fumo Kombo alikuwa na binti, na Mwinyi Shambe alimposa binti huyo akanyimwa. Akaambiwa mbele za watu kwamba nyumba ile haiozi kwa wachunga mbuzi. Neno hilo liweke mfukoni, utalihitaji.

Fumo Kombo akasema, "Punguani wewe! Wote waliolambwa walikiri. Hata kipofu huona hilo."

"Walikiri kabla ya bakora, bwana, au baada?"

"Baada, bila shaka."

"Na wasiolambwa, mliwapiga nao, tuone kama watakiri?"

Sultani akakunja uso. "Tuwapige watu safi kwa nini?"

"Ahaa," akasema Mize. "Kumbe mtu safi ni yule asiyepigwa. Nilikuwa sijui."

Waziri akaingilia kati, akasema, "Sikiliza, mama. Tangu beberu aje, hata mvua zimekuwa njema."

"Kweli, bwana Waziri. Na tangu aje, meno yako mawili yameng'oka. Hayo nayo tumshukuru yeye?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Mize. Sultani akaona haya, na mtawala akiona haya hutafuta mtu wa kumwonea. Akasema kwa ghadhabu, "Vema! Wewe wasema beberu wangu hukosea. Basi kabla ya sala ya Ijumaa niletee mwizi ambaye beberu hatamjua. Ukimleta, ndugu yako yu huru. Ukishindwa, mkono wako utaandamana na wake!"

Jambo hilo haliwezekani. Ni mwizi gani atakubali kuletwa? Na akiletwa, atajulikana vipi kuwa ni mwizi, kama si kwa kulambwa? Lakini Mize akasema, "Labeka, bwana wangu. Ila naomba neno moja sikioni."

Akasogea, akamnong'oneza Sultani. Hakuna aliyesikia. (Alisikia mshika upepeo, naye alimwambia mkewe, ndipo likafika kwa mkunga, lakini hayo yalikuwa baadaye.) Sultani akasema, "Naapa sitamwambia mtu, hata wake zangu." Na ajabu ya Mungu, hakumwambia mtu. Ndilo jambo pekee la busara alilolifanya mwaka ule.

Asubuhi ya Ijumaa ikapigwa mbiu: pete ya muhuri ya Sultani haionekani kidoleni! Mji ukachafuka. Wanawake wakaacha vyungu motoni, wanaume wakaacha bao, wote wakajaa uwanjani mbele ya jumba. Pandu naye akaletwa amefungwa, na mkata mikono akakaa karibu naye akinoa kisu chake taratibu, kama mtu anayengoja samaki afikishwe jikoni. Mize akatazama kile kisu, kisha akatazama kwingine.

Sultani akasema, "Leo waketi wote walioingia chumbani kwangu jana, wakubwa kwa wadogo." Wakaketi watumishi, akaketi mshika upepeo, akaketi Waziri, akaketi Fumo Kombo akihema. Naye hakuwa na hofu. Alimgeukia jirani yake akasema, "Kaa utulie. Beberu hakosei."

Mwinyi Shambe akapita na tasbihi yake, akitoa mkono. "Usiogope, mwanangu. Usiogope, mwanangu." Alipofika kwa Fumo Kombo akaitia tasbihi ndani ya joho, kisha akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akautikisa kwa mapenzi makubwa, hata watu wakasema, "Tazameni moyo wa mtu huyu! Alinyimwa mke, na bado ana upole."

Beberu akafunguliwa. Akanusa wa kwanza, akapita. Akamnusa Waziri, akapiga chafya. Akafika kwa Fumo Kombo, akatoa ulimi, akakilamba kiganja chake, akakilamba tena, hata katikati ya vidole.

"Beberu amekosea!" akapiga yowe Fumo Kombo.

Sultani akasema, "Mbona juzi hakukosea?"

"Bwana wangu, mimi nimekula chumvi yako tangu ujana!"

"Bakora," akasema Sultani.

Ikashuka ya kwanza. Fumo Kombo akasema, "Sijui lolote." Ikashuka ya pili. Akasema, "Ngojeni, nakumbuka kidogo." Ya tatu haijafika mgongoni akalia, "Nimeiba! Nimeiba mimi na mke wangu! Nimeimeza pete, iko tumboni!"

Umati ukaguna. Na wale majirani, unawajua, wakaanza, "Mimi nilimjua tangu zamani, kwani unene ule ulitoka wapi?"

Hapo Sultani akainama polepole. Akakivua kiatu cha mguu wa kulia, akauinua mguu mbele ya watu wote, na pete ya muhuri ikang'aa kwenye kidole gumba.

Hata mkata mikono aliacha kunoa.

Mize akasimama akasema, "Bwana wangu, uliniamuru nikuletee mwizi ambaye beberu hatamjua. Nimemleta. Ni mwizi asiyekuwepo. Pete haikuibwa, tulijua wewe na mimi. Kama beberu angejua wezi, leo angejilalia chini asimlambe mtu. Lakini yeye amelamba, ninyi mmepiga, na mpigwa amekiri. Amekiri hata tumbo! Basi hao wa zamani waliokiri, nani kati yenu aliwahi kuinua mguu kutazama?"

Palikuwa na watu uwanjani waliovaa kanzu zenye mkono mmoja mtupu, na wenzao hawakujua pa kutupa macho. Sultani alikuwa angali ameuinua mguu wake, amesahau kuushusha.

Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mfungueni Pandu." Wakamfungua. Kisha akauliza, "Na mrashi wangu, ewe Mize, ameuiba nani?"

"Sijui, bwana wangu."

"Hujui?"

"Sijui. Wala beberu hajui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nasema." Kisha akaongeza, "Lakini liko jambo ambalo najua njia ya kulitafuta, nalo ni kwa nini alilamba huyu asimlambe yule. Yaletwe maji, walio mkekani wote wanawe mikono. Na Mwinyi Shambe aketi nao leo, ila asimpe mtu mkono."

Mwinyi Shambe akatabasamu. "Sultani wangu, beberu asipoongozwa na mwenyewe hupotewa na elimu yake."

"Keti," akasema Sultani.

Akaketi mwisho wa safu. Bakuli la maji likapita, kila mtu akanawa, Waziri akanawa, Fumo Kombo akanawa pamoja na machozi. Lilipofika kwa Mwinyi Shambe akalisukuma kando kwa heshima. "Mimi nina udhu," akasema, akaingiza mkono wa kulia ndani ya joho.

Mize mwenyewe akamfungua beberu. Mnyama akaanza mwanzo wa mkeka. Akanusa kiganja cha kwanza, akapita. Akamnusa mshika upepeo, akapita. Kwa Waziri hata chafya hakupiga. Akafika kwa Fumo Kombo, yule mmeza pete, akamtazama kama asiyewahi kumwona, akapita. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo beberu akainua pua, masikio yakamsimama, akaenda mbio mpaka mwisho wa safu, akamwingiza Mwinyi Shambe kichwa kifuani.

"Toka! Toka, mnyama wewe!"

Beberu hakutoka. Alikuwa hapewi chumvi ila viganjani mwa watu, nayo alikuwa ameionja kidogo tu asubuhi ile. Akaliuma joho, lile joho la zawadi, akalivuta, na Mwinyi Shambe akavuta kwake, mpaka likachanika toka kwapani hadi kiunoni. Kikaanguka kifuko kilichoshonwa ndani, kikapasuka juu ya mkeka, chumvi ikamwagika nyeupe mbele ya Sultani na mbele ya mji mzima.

Mwinyi Shambe akataka kuinuka akimbie, lakini Pandu alikuwa amekwisha kumshika kifundo cha mkono, akaukunjua ule mkono wa kulia mbele ya watu, vidole kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa cheupe kote, mpaka mistari ya bahati.

Na beberu, kwa mara ya kwanza tangu aletwe Ungamani, akamlamba mwizi.