Kabati Lenye Mkalimani

"Kabati lenye mkalimani si lako." Mmeisikia leo asubuhi kwenye kikao cha zabuni, wakubwa wakatikisa vichwa kukubali, na ninyi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mkabaki mnatazamana. Mmoja wenu akaninong'oneza, "Mzee Livembe, kabati na mkalimani wapi na wapi?" Umeuliza vizuri. Sogezeni viti, maana kisa chenyewe nilikishuhudia kwa macho yangu, na kukisimulia sichoki. Asili ya methali hii ni humu humu ofisini mwetu.

Makabati yanayosemwa si ya nguo. Ni haya ya chuma mnayoyaona katika chumba cha baridi, yaliyojaa diski, ambamo ramani na hati za ardhi za wilaya nzima zimehifadhiwa, na kompyuta zetu zote huyafikia kwa mtandao. Wakati ule yalikuwa matatu. La kwanza tulipewa na wafadhili, la pili lilikuja na mradi wa upimaji, la tatu tulilinunua wenyewe. Kila moja lilitoka kwa kampuni yake, na kila moja lilikuja na kompyuta mpakato yenye programu ya kulisimamia. Ukitaka kujua kabati lina afya au linaumwa, sharti ufungue mpakato yake, na programu ya hili haikuelewa hata neno moja la lile. Mpakato hizo tukaziita wakalimani. Tulizionea fahari kweli! Tulizifunika vitambaa vya kufuma kama redio za sebuleni.

Mkalimani wa kabati la pili hatukuwa naye. Fundi wa kampuni alizunguka naye kwenye begi lake, akisema ni mali ya kampuni. Tena nyuma ya kabati lile, juu ya tundu la waya wa usimamizi, fundi alibandika karatasi nyekundu: USIGUSE. Nasi watumishi wa umma tukiambiwa usiguse, hatugusi. Hata mfagizi alilizunguka kabati lile kwa mbali, vumbi likajilia raha zake.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Bi. Somoe Nangalapa, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili kichaa, asiyependa kuambiwa jambo haliwezekani. Alikuwa amepakua mtandaoni kitabu cha viwango huria vya kusimamia vifaa vya kuhifadhi data. Hayo ni makubaliano ambayo watengenezaji wengi waliyaandika pamoja, kwamba kila kifaa kijibu maswali yale yale kwa namna ile ile, na mtu yeyote ayasome bure. Alikichapa, akakijalidi, akawa anakisoma saa ya chakula huku anatafuna muhogo. Sisi tulimtania kana kwamba anasoma riwaya ya mapenzi.

"Bi. Somoe, vipi, bibi harusi ameshaolewa?"

"Ameolewa," alinijibu. "Ninyi msiosoma ndio mmekosa pilau."

Basi Jumatatu moja kabati la pili likagoma. Taa zake zikawa nyekundu, na hapakuwa na faili lililofunguka. Asubuhi hiyo hiyo akaingia Bibi Fatu Chinguile, mwenyekiti wa kijiji cha Namkongo. Alikuja kuchukua nakala ya ramani ya kijiji. Mwenye shamba kubwa jirani yao alikuwa anadai kwamba chemchemi ya Namkongo imo ndani ya mpaka wake, na shauri lilipangwa kusikilizwa Alhamisi kwenye Baraza la Ardhi. Ramani ya karatasi, iliyotiwa dole gumba na wazee wa pande zote mbili, ilishaliwa na mchwa. Picha yake ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani, ndani ya kabati lile.

Mkuu wa ofisi, Bwana Kapinga, alishampigia simu fundi. Fundi alikuwa nchi ya jirani na mkalimani wake, akasema atafika Jumatatu ijayo, na tukigusa chochote tumevunja mkataba.

"Bibi, kabati ni letu," Bwana Kapinga alimweleza, jasho linamtoka. "Ila tunamsubiri fundi aje na kompyuta yake."

"Kesi ni Alhamisi, mwanangu."

"Najua, bibi. Lakini bila ile kompyuta hatuwezi hata kuliuliza linaumwa nini."

Bibi Fatu alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilipokuwa msichana sikujua Kiswahili, nilijua Kimakonde tu. Nilipelekwa mbele ya hakimu, nikapewa mkalimani. Nilisema maneno mengi, yeye akasema mawili. Siku ile nilijua kwamba kesi haikuwa yangu, ilikuwa yake. Leo ninyi mna kitu ndani ya nyumba yenu, mnasema ni chenu, na hamwezi kukijulia hali mpaka mtu atoke mbali? Kabati lenye mkalimani si lako."

Nawaambieni, tuliona aibu. Bi. Somoe aliinuka.

"Mkuu, mkataba unasema kabati ni la nani?"

"La ofisi."

"Basi naomba ruhusa ya kuongea na kabati la ofisi. Kwenye orodha ya sifa zake, ukurasa wa tisini na nne, imeandikwa kwamba linafuata viwango huria. Linaijua lugha ya wote. Hatujawahi kulisemesha tu."

"Na likiharibika zaidi?"

"Nitaanza kwa kuuliza. Kuuliza hakuui. Na nitaandika kwa mkono wangu kwamba nimegusa mimi."

Bwana Kapinga alimtazama Bibi Fatu, akamtazama Bi. Somoe, akasema, "Andika kwamba tumegusa sote."

Bi. Somoe akaibandua ile karatasi nyekundu. Akachomeka waya wa kawaida wa mtandao, akakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akafungua kitabu, akatumia neno la siri tulilokabidhiwa ndani ya bahasha siku kabati lilipofungwa, bahasha ambayo hakuna aliyewahi kuichana. Akaandika swali la kwanza kama kitabu kilivyoelekeza. Kabati likajibu! Likataja jina lake na umri wake. Akauliza linaumwa nini, likasema: diski ya nne imekufa, ya tisa imetolewa kazini kwa kuchelewa kujibu, ya kumi na mbili ni ya akiba na haijapangiwa kazi. Onyo la kwanza lilikuwa la siku kumi na moja nyuma. Siku zote hizo lilikuwa linalia, na kilio kinamngoja mkalimani aliye begini.

Bi. Somoe hakukurupuka. Aliirudisha diski ya tisa kazini ili data zisomeke, akanakili ramani zote kwenye kabati la tatu, ndipo akaiweka ile ya akiba mahali pa marehemu. Jumanne mchana ramani ya Namkongo ilitoka kwenye printa, nzima, na Bwana Kapinga akaipokea kwa mikono miwili.

Fundi alipofika na begi lake tulimkaribisha chai. Tangu hapo hainunuliwi hapa kabati lisilojibu maswali ya kitabu kile. Leo tunayo tisa, ya makampuni matano, na yote yanasimamiwa kwenye kioo kimoja cha kompyuta na vijana wetu wenyewe, waliozaliwa wilaya hii. Wilaya nyingine huja kujifunza kwetu. Najisifu, ndiyo, acheni nijisifu!

Lakini kubwa lilikuwa Alhamisi ile barazani. Ramani ilitandazwa mezani, Bibi Fatu akapitisha kidole juu ya alama za madole gumba, moja baada ya jingine, mpaka akasimama. "Huyu ni baba yangu," alisema. Mwenyekiti wa Baraza akasoma jina lililoandikwa chini ya dole lile kwa sauti: Chinguile. Mzee wa watu alikuwa kaburini miaka mingi, na siku ile alitoa ushahidi mwenyewe, bila mtu wa kumsemea, chemchemi ikabaki ya Namkongo.

Kabati lenye mkalimani si lako.