Ng'ombe wa Kisima cha Faki

Hapo zamani, na anayesinzia aamshwe na jirani yake, palikuwa na fundi wa visima aitwaye Faki. Kuchimba alijua. Kutaja bei hakujua hata kidogo. Kisima kimoja alitaja kuku, akakuta mwamba. Kingine alitaja mbuzi, akakuta mwamba mkubwa zaidi. Mbuzi akaliwa akaisha, na fundi bado yumo shimoni anagonga. Sasa mgongo ulikuwa umechoka, na kisima alichoitiwa na mji mmoja wa bara kilikuwa cha mwisho. Akirudi mikono mitupu, uzee wake ungekuwa wa kuombaomba kwa wakwe. Hilo lilimtisha kuliko mwamba.

Alifuatana na Pandu, mtani wake, mvivu wa mikono lakini si wa mdomo.

Ada ya mji ule ilikuwa hivi: bei hutajwa mara moja, kabla sururu haijagusa ardhi. Ikishatajwa haipandi wala haishuki, fundi akute mwamba au akute maji magotini; na maji yakipungua baadaye, fundi hurudi kuchimba bila malipo.

"Haya fundi," akasema Jumbe, mkuu wa mji, "bei yako?"

Moyoni Faki alikuwa na mbuzi wawili, na hata hao aliwaona wengi. Kabla hajafungua kinywa, Pandu akadakia:

"Ng'ombe mwenye mimba! Mkiona ghali, endeleeni kunywa matope."

Watu wakaguna. Faki akatamani ardhi ipasuke immeze. Jumbe akafikiri, akafikiri, akasema, "Tumekubali."

Faki akainua sururu haraka, wasije wakajuta. Bi Riziki, mfinyanzi wa mji, akamzuia.

"Baba, hapo chini ni jiwe tupu. Njoo kwenye shimo langu la udongo wa vyungu. Halijapata kukauka."

Faki akahamia huko. Akachimba peke yake, Pandu kajilaza kivulini anamtania, na kabla mwezi haujaandama maji yakamfika kiunoni, matamu kabisa.

Jumbe akaleta ng'ombe. Faki akanyoosha mkono kupokea kamba. Mikono mingine miwili ikanyooka pia.

Pandu akasema, "Bila mimi ungepewa mbuzi wawili. Hao nitakutafutia mimi mwenyewe, maana ndiyo bei yako. Ng'ombe ni bei yangu."

"Kweli," akasema Jumbe.

Riziki akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnagonga jiwe. Tena nimetoa shimo langu. Kesho vyungu nitafinyanga kwa udongo gani?"

"Kweli," akasema Jumbe.

Faki akapandwa na hasira, yeye asiyejua kudai. "Bila mimi ipo bei, lipo shimo, maji hakuna! Na kiangazi yakipungua, mtamwita nani aje kuchimba tena bila malipo? Pandu? Mtaniita mimi, na mgongo huu!"

"Kweli," akasema Jumbe. "Lakini ng'ombe hagawanyiki ila kwa kisu, na nyote mnamtaka hai. Sisi tumeshalipa." Akaiachia kamba ikaanguka chini.

Hakuna aliyeinama kuiokota. Alikuwapo aliyetaja bei, alikuwapo aliyeonyesha mahali, alikuwapo aliyetoka jasho, na wote walimtazama ng'ombe.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa: je, nani aiokote kamba ile?