Nani Aliipiga 114?

Kaeni vizuri, na mwenye moyo mwepesi atoke mapema. Nina watu watatu na simu moja, na mwisho wake nitawatupia nyinyi swali.

Katika kiwanda cha magodoro walikuwepo vibarua watatu. Hamduni, fundi, alijua kuzipangia simu za mezani za intaneti namba zipi zipite na zipi zigome. Felisiana, mpishi, alikuwa na uvumilivu wa ajabu. Nyamizi, mfagizi, hakujua kuogopa. Mwenye kiwanda, Bwana Kirumbi, hakutaka mtu apige simu nje: za mkononi zilifungiwa getini, na za mezani zilikubali namba za ndani tu, za tarakimu tatu. Namba ya jikoni ilikuwa 114, ambayo huko nje ni ya zimamoto. Ukiungua, unampigia mpishi.

Jambo hilo lilimkosesha Hamduni raha. Kwa siri, akijua atafukuzwa akigundulika, aliandika kanuni mpya: 114 itoke nje.

Felisiana alikubali kuiachia namba yake. Mwezi mzima alizunguka meza kwa meza akisihi watu wanaotaka chai wabonyeze 140, akatukanwa kwa kila kikombe kilichochelewa, na hakumtaja Hamduni hata mara moja.

Kisha ghala la sponji likashika moto, watu kumi na tisa wakiwa ghorofani. Nyamizi alikuwa ameshatoka, lakini simu za mkononi zilikuwa bado zimefungiwa. Akarudi ndani, akaishika simu iliyokuwa inayeyuka, akabonyeza 114 mpaka akajibiwa. Wote kumi na tisa walishushwa hai. Ngozi ya vidole vyake ilibaki kwenye simu.

Bwana Kirumbi alipoigundua siri ya 114, aliwaita wote watatu ofisini.

"Mmeniokoa, na mmenidharau," alisema. "Ajira ya kudumu, yenye bima ya matibabu, ni moja. Kila mtu aandike jina. Mwenye kura mbili anabaki, wengine wanaondoka leo. Asipopatikana, mnaondoka wote."

Hamduni, ambaye mkewe anasafishwa figo, aliandika jina lake mwenyewe. Felisiana, ambaye mwanawe ana ugonjwa wa selimundu, naye akaandika lake. Bwana Kirumbi aliziweka karatasi zote mbili wazi mezani, mbele ya Nyamizi na bandeji zake.

"Wewe huwezi kushika kalamu," alimwambia. "Taja, nitakuandikia."

"Dada, bila kanuni yangu ungeongea na sufuria," Hamduni alisema.

"Mwanangu unamjua, Nyamizi. Umembeba mgongoni," Felisiana alisema.

Nyamizi aliwachukia wote wawili, na akajichukia kwa kuwachukia. Daktari alishamwambia kwamba asipopasuliwa mwezi huu, vidole vitakatwa.

Akijitaja, wote watatu wako nje. Akimtaja mwenzake, amemnunulia dawa kwa vidole vyake mwenyewe. Bwana Kirumbi kashika kalamu, tena anatabasamu.

Haya, msiangalie chini. Ungekuwa wewe, ungemtaja nani?